Mleta uzi weka hiyo karatasi ya saini chini, katafute zuio kwanza

Mkuu simama hapo hapo ulipo. Umesema nyumba tatu za kale mtaani kwenu zimeshauzwa, mabati yameanza kuzungushwa, na nyinyi majirani mmepanga mkutane Jumapili, muanze kukusanya saini, mchapishe fulana, muite waandishi wa habari, halafu saini zikitosha ndiyo muende halmashauri. Ukaongeza maswali yako: barua iandikwe vipi, hela ya wakili ichangwe vipi, na kama nyumba zikibomolewa bei za kwenu zitashuka. Nitajibu nitakayoyakumbuka, maana nilipofika pale kwenye "ndiyo muende halmashauri" damu ilichemka, mengine nikayapitia juu juu.

Hiyo ratiba yako ndiyo tuliyoifuata sisi tulipotaka kuiokoa nyumba ya kale ya mtaani kwetu, hatua kwa hatua, mpaka fulana. Fulana yangu bado ninayo, nafutia vumbi pikipiki.

Kijiko, ile mashine ya kubomolea, hakisimamishwi na saini. Kijiko kinasimamishwa na karatasi ya mtu mwenye mamlaka ya kukisimamisha, imeandikwa zuio, ina tarehe, ina mhuri, na mkandarasi ameshaipokea mkononi. Basi. Hayo mengine yote ni ya kufanya ukiwa umeshaishika hiyo karatasi, na kabla ya hapo kila kelele unayopiga ni taarifa ya bure kwa mwenye kijiko kwamba aharakishe.

Sisi nani alitudanganya? Alikuja bwana mmoja, simtaji, alijitambulisha kuwa mshauri wa mambo ya urithi. Akatuambia serikali inasikiliza namba, mkienda mapema mko wachache mtapuuzwa, jengeni kwanza nguvu ya umma. Tukamwamini. Aliongea taratibu na alikuwa na begi la kompyuta, na sijui kwa nini watu wazima na akili zetu tukiona begi la kompyuta tunalegea. Huyo bwana hajawahi kusimamisha hata toroli, hilo tulikuja kulijua baadaye, na siku mambo yalipoharibika simu yake ikawa haipatikani, mpaka leo haipatikani, kama anasoma hapa salamu zimfikie.

Tukafungua grupu la WhatsApp, linki tukaitupa kila mahali, anayetaka aingie. Kati ya walioingia mwanzo kabisa alikuwepo dalali aliyeiuza ile nyumba. Sisi tunaandika "wiki ijayo tunapeleka barua", yeye anasoma pale pale, na wakati mwingine anatuwekea kidole gumba. Msinicheke. Au chekeni tu, lakini kaangalieni grupu lenu kwanza mna nani humo.

Kisha kampuni ikamtuma ofisa uhusiano, dada mpole, ana lugha nzuri, akasema wao si wabomoaji, wao ni wadau, tukae mezani Jumatatu na mpaka siku hiyo hakuna tofali litakaloguswa. Alisema kwa mdomo. Katika ukumbi mzima, walimu wastaafu, mhasibu, mimi mwenyewe, hakuna aliyesema dada hebu liandike hilo usaini. Tulimpigia makofi jamani. Tulimpigia makofi!

Jumamosi alfajiri kijiko kikaingia. Ofisi zote zimefungwa, mahakama imefungwa, namba ya dharura ya halmashauri inaita mpaka inakatika yenyewe. Na hapa nataka usome polepole, kwa sababu ndiyo sehemu iliyotugharimu. Kile kijiko hakikuanza nyuma, ambako kulikuwa na uwazi na ukuta umeshachoka. Kilikwenda moja kwa moja kwenye roshani ya mbele. Wakafunga mnyororo kwenye nguzo za chuma cha kusubu, zile zenye maua, wakavuta, roshani ikashuka nzima na dari yake ya mbao. Halafu vijana wawili wakapanda na nyundo wakapasua urembo wa plasta juu ya madirisha, dirisha moja baada ya jingine, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio kabisa kama watu wanaofuata orodha. Mlango wa mbele wakaung'oa na fremu yake wakaupakia kwenye gari. Kuta wakaziacha, ngazi wakaiacha, wakazima mashine wakaenda kunywa chai.

Sisi tukashangilia! Tukadhani kelele zetu zimewashinda. Kuna mama alilia kwa furaha.

Jumatatu ofisa wa mambo ya kale akaja, akazunguka nyumba, akapiga picha, akatuambia kwa upole kwamba kilichokuwa kinaifanya nyumba ile istahili kulindwa hakipo tena. Umeielewa hiyo? Hawakuhitaji kubomoa nyumba. Walibomoa ile sababu ya kuilinda, asubuhi moja, na kuta zilizobaki wakaja kuzimaliza kihalali kabisa, na kibali mkononi, mchana kweupe, sisi tunaangalia. Kumbe lile ombi la ulinzi wa dharura, ambalo tungeweza kulipeleka siku ile ile mabati yalipoonekana, lilikuwa ni fomu tu na picha na maelezo mafupi, na halina ada. Sisi tulikuwa bado tunasubiri saini zitimie. Zitimie ngapi? Hata idadi yenyewe hatukuwa nayo, yule bwana alisema tu "nyingi".

Usidhani ni ujanja wa kwetu peke yetu. London kulikuwa na kiwanda cha matairi cha Firestone, jengo zuri la mwaka 1928, lilikuwa karibu kuwekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, wenye nalo wakalivunja wikendi ndefu ya sikukuu ya Agosti 1980 kabla ofisi hazijafunguliwa. Wikendi mkuu, siku zote ni wikendi. London hiyo hiyo, Aprili 2015, baa ya Carlton Tavern ikaangushwa ikiwa imebaki kidogo tu ilindwe, tena bila kibali. Lakini pale majirani walikuwa wajanja kutuzidi, walishahisi mapema wakaomba jengo liorodheshwe, na wataalamu walikuwa wameshalipima na kulipiga picha kila upande, mpaka nakala za plasta za vigae walikuwa nazo. Kwa hiyo halmashauri ilipoamuru wenye jengo walijenge upya kama lilivyokuwa, hakuna aliyeweza kusema hatujui lilikuwaje. Likajengwa, likafunguliwa tena 2021. Ile ni karatasi iliyofanya kazi, tena baada ya jengo kuanguka.

Na usiniambie habari za nguvu ya umma. Penn Station, kituo cha treni cha New York, mwaka 1962 iliandamaniwa na wasanifu majengo wenye majina makubwa, na Jane Jacobs, yule mwandishi wa mambo ya miji, alikuwemo, mabango yote wanayo, magazeti yote yanawajua. Mwaka 1963 ubomoaji ukaanza. Jiji halikuwa na sheria ya kumzuia mwenye mali. Sheria ikaja 1965, na hiyo ndiyo iliyokuja kukiokoa kituo kingine cha treni cha mji huo, Grand Central, kesi ikaenda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani na 1978 jiji likashinda. Watu wale wale, mji ule ule, mabango yale yale. Kilichoongezeka ni sheria yenye meno na tume ya kuisimamia.

Haya, kuna sehemu moja umma ulishinda bila karatasi, nisije nikaambiwa nimeficha. Sydney miaka ya 1970, chama cha wafanyakazi wa ujenzi chini ya Jack Mundey kiliweka mgomo, wanachama wake wakakataa kubomoa nyumba za zamani za mtaa wa The Rocks, na eneo kubwa likapona. Ila pale aliyekataa ni dereva wa kijiko mwenyewe. Kama unamjua dereva wa kijiko chenu na yuko tayari kuikosa kazi yake, haya, fulana ruksa.

Kama humjui, kesho asubuhi fanya hivi. Nenda wewe na mtu mmoja mnayeaminiana, kimya, msitangaze popote. Masijala ya halmashauri, uliza kama kibali cha kubomoa kimeshatoka kwa hivyo viwanja, namba yake, tarehe yake, na masharti yake. Masharti yasome mwenyewe, maana mara nyingi kibali kina kifungu cha kutoa taarifa kwa majirani au cha saa za kazi, na mkandarasi anayekimbilia Jumamosi alfajiri huwa amekikanyaga, hapo umepata pa kumshikia. Ukitoka hapo nenda ofisi inayohusika na majengo ya kale. Usiwaombe wakusikilize, waombe vitu viwili kwa maandishi: nyumba ziorodheshwe, na zilindwe kwa dharura wakati uamuzi unasubiriwa. Nchi nyingi zina kitu cha namna hii kwa jina moja au jingine. Uingereza, kwa mfano, halmashauri inaweza kutoa notisi inayolilinda jengo miezi 6 wakati linatathminiwa. Barua yako iwe na nakala, nakala igongwe mhuri wa kupokelewa, na usiondoke bila namba ya jalada. Ofisa akikwambia "iache tu, tutakupigia", kaa hapo hapo kwenye benchi.

Barua yenyewe, kwa vile uliuliza, iwe fupi. Ipi ni nyumba, ilijengwa lini na una ushahidi gani, kipi ndani yake hakipatikani kwingine, hatari ni ipi na ni lini. Usiandike kuhusu utoto wako. Sisi tuliandika kurasa na kurasa za bibi zetu walivyokuwa wanakaa barazani, ofisa anataka mwaka na picha.

Picha pigeni zote, kila upande, kila dirisha, tarehe ionekane, lakini mkiwa barabarani. Usiingie ndani kwa hali yoyote. Chicago kulikuwa na mpiga picha, Richard Nickel, alitumia maisha yake kuokoa mapambo ya majengo yanayobomolewa, na 1972 jengo la Soko la Hisa likamwangukia akiwa ndani akiokoa vipande. Tena ukiingia bila ruhusa wenye nyumba watakugeuza wewe ndiye mtuhumiwa.

Mahakama ni ya pili, siyo ya kwanza. Wakili akikwambia mkimbilie zuio la muda kwa hati ya dharura, sawa, kama kijiko kimeshawasha ndiyo njia iliyobaki, lakini muulize kabla hujatoa hela: mimi jirani nina haki ya kufungua hili shauri? Na je, nitatakiwa kuahidi kulipa hasara ya kampuni endapo nitashindwa? Mahakama nyingi zinaweza kudai ahadi hiyo kabla ya kutoa zuio. Wetu alilitaja hili tukiwa kwenye korido tunasubiri kuitwa, watu wakaangaliana, mhasibu wetu akakumbuka ana mgonjwa hospitali. Ndiyo maana nasema anza na ofisi ya serikali, zuio likitoka kule mzigo unakuwa wao dhidi ya kampuni, wewe nyumba yako haiko rehani.

Na likishatoka, usikae nalo. Peleka nakala kwa mkandarasi mwenyewe eneo la kazi, kwa kampuni, na kituo cha polisi, kila mmoja asaini kupokea. Kisha muwe na zamu ya kulinda wikendi, na paa mliangalie, maana wakishindwa kubomoa watatoa vigae vichache waiachie mvua imalize kazi, ukija kulalamika wanasema nyumba ni chakavu, hatari kwa wapita njia, lazima ishuke.

Yule mchangiaji wa juu anayesema "mjadiliane nao kistaarabu", jadilianeni, nani kakataa. Ila ahadi iandikwe, isainiwe na mkurugenzi, itaje tarehe, na itaje roshani na mlango kwa jina, siyo "jengo" tu. Na mtoe dalali kwenye grupu leo usiku.

Mambo ya bei za nyumba na michango tutaongea ukileta namba ya jalada.