Kabla hujamwita Tanuma mla rushwa

Nilimhukumu Tanuma Okitsugu, waziri wa shoguni (mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani), kwa kurasa tatu. Nilikuwa nimeandaa mazungumzo ya jioni kwa kikundi chetu cha wapenda historia, na karibu kila nilichosoma kilimtaja kuwa kinara wa rushwa wa Japani ya karne ya 18. Nilipomaliza, mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama, akauliza: "Mwanangu, mashahidi wako ni nani, na walisema lini?" Nikabaki kukohoa.

Nakushauri uanzie hapo, kwenye tarehe. Tanuma aliangushwa mwaka 1786, shoguni Ieharu alipofariki. Mwaka uliofuata madaraka yakaenda kwa hasimu wake, Matsudaira Sadanobu. Mwaka 1788 ngome ya Tanuma ya Sagara ikabomolewa, na Tanuma akafa mwaka huohuo. Visa vingi vya rushwa yake viliandikwa baada ya hapo, wakati kumtukana kulikuwa hakumgharimu mtu kitu.

Kisha tazama kazi. Serikali iliishi kwa mpunga wa wakulima. Yeye akawageukia wafanyabiashara, akavipa vyama vyao vibali ili navyo vilipe ada. Mwaka 1772 ilitoka sarafu ya fedha ambayo nane zilitosha sarafu moja ya dhahabu iitwayo ryo, bila haja ya kuipima fedha hiyo kwenye mizani. Kupitia Nagasaki alisukuma majongoo bahari na mapezi ya papa kwenda China (wa Unguja hapo mtatabasamu). Mwaka 1785 akatuma watu kuikagua Ezo, Hokkaido ya leo.

Halafu uliza maadui zake walirudia nini. Sadanobu alisimamisha ile sarafu. Mwaka 1800 ikaanza kutengenezwa tena.

Ila usimsafishe hadi ang'ae. Zawadi zilipokelewa kweli. Mlima Asama ulipolipuka mwaka 1783, njaa ikiwa imeshaanza, watu walikufa kwa wingi. Mwaka 1784 mwanawe Okitomo alikatwa kwa upanga ndani ya ngome ya Edo, Tokyo ya leo, na watu wa mjini wakamtukuza muuaji kama mungu. Hasira ile haikutungwa na Sadanobu.

Niliporudi kikundini nilisoma shairi la kejeli la enzi ya Sadanobu, bwana wa Shirakawa, jina lenye maana ya mto mweupe: samaki wameshindwa kuishi kwenye maji yake safi, wanalikumbuka tope la Tanuma.

Mzee akacheka. "Huyo sasa ni shahidi. Kaonja maji yote mawili."