Maswali na Majibu: Mti wa shaba uani mwa shule

Swali: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma katika komine ya Katuba, hapa Lubumbashi, na kazi yangu ya kila siku ni mageti na madirisha. Shule iliyo jirani nasi imeniomba niitengenezee sanamu ya mti yenye kimo cha mita 3, isimame uani. Nimefikiria shina la bomba la chuma na majani ya bati la shaba. Je, metali hizi mbili zitakaa pamoja mvuani bila kuharibiana? Na nianzie wapi ili majani yawe na uhai?

Jibu: Ndugu fundi, anzia porini kabla hujawasha moto karakanani. Mwezi wa Septemba, mvua zikiwa bado hazijafika, tembelea mahali nje ya mji ambapo miombo haijamalizwa na wachoma makaa, utazame majani machanga yanavyochipua: huja mekundu, yenye mng'ao wa shaba mpya, ndipo yageuke kijani taratibu. Shaba yako itafuata njia hiyohiyo kwa mwendo wa pole zaidi, maana itatoka chini ya nyundo ikiwa nyekundu, itakuwa kahawia, na baada ya miaka mingi itavaa ukijani unaoilinda. Kwa sababu hiyo tunakusihi usiipake rangi. Katika mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, watoto wanastahili kuiona metali hiyo ikibadilika mbele ya macho yao, si kuiona tu ikipita juu ya malori kwenda mbali.

Kata kitawi kimoja ukilete nyumbani. Utaona kwamba vijani vimepangwa jozi kwa jozi kwenye kijiti kimoja, na kwamba hakuna viwili vilivyojikunja sawasawa. Chora umbo lake kwenye katoni, kata bati lenye unene wa milimita 0.7 hivi, lipashe moto mpaka liwe jekundu hafifu, kisha ulitumbukize majini. Patasi ikipozwa hivyo huwa ngumu, lakini shaba hubaki laini. Lilaze kifudifudi juu ya mfuko wa mchanga, ulifue kwa nyundo ya mbao kutoka upande wa nyuma, na mishipa uichore kwa tindo butu. Ukisikia mlio wa nyundo umekuwa mkali na bati halitii tena, limekwisha kukakamaa; lirudishe motoni, la sivyo litapasuka ukingoni.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo ndilo litakaloamua umri wa sanamu. Shaba na chuma zikigusana penye maji, chuma ndicho kinachoumia: huliwa na kutu upesi kuliko kingekuwa peke yake, hasa pale boliti ndogo ya chuma inaposhikilia jani kubwa la shaba. Sanamu ya Uhuru ya New York, iliyozinduliwa mwaka 1886, ina ngozi ya shaba yenye unene wa milimita 2.4 juu ya mifupa ya chuma. Walioijenga waliijua hatari hiyo na kutia kizuizi cha asbesto kati ya metali hizo mbili, lakini kizuizi kikachakaa, chuma kikavimba kwa kutu na kung'oa ribiti, hata ikabidi vyuma vingi vibadilishwe kwa chuma kisichoshika kutu katika matengenezo ya 1984 hadi 1986. Kwa hiyo funga kila jani kwa boliti za inoksi, yaani chuma hichohicho kisichoshika kutu, na kati ya shaba na chuma uweke kipande kilichokatwa kutoka kwenye bomba la plastiki la maji. Usitumie mpira wa tairi, maana una salfa, nayo huitia shaba weusi.

Wengi huishia hapo, wakasahau matone. Maji yanayotiririka juu ya shaba hubeba chembe zake, na yakidondokea chuma huchochea kutu hata kama metali hizo hazigusani. Yaelekeze basi majani yote nje, ncha zikiwa chini na mbali na shina, ili matone yaangukie udongo. Shina lenyewe lipake rangi ya kuzuia kutu wakati wa kiangazi, litobolewe tundu la milimita 10 chini kabisa ili unyevu wa ndani utoke, na likalie bamba lililoinuliwa kidogo kutoka kwenye zege. Na kwa kuwa radi za Katanga ni kali, liunganishe na waya wa ardhini, uiombe shule isiweke benchi chini yake.

Swali: Mume wangu hutengeneza ndege na nyoka wa bustani kwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, yaliyokwisha kutumika. Akichomelea mchana kutwa, usiku hutetemeka kwa homa, na kesho yake huamka mzima. Wenzake wanamwambia anywe maziwa. Ni ugonjwa gani huu? (Msomaji wa Kampemba)

Jibu: Mama, dalili hizo zinafanana sana na homa ya moshi wa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, ilhali chuma huhitaji takriban nyuzi 1500 ili kiyeyuke. Hivyo kabla vyuma havijashikana, zinki imekwisha kuwa moshi mweupe unaoingia mapafuni, na maziwa hayawezi kuuzuia. Hata hivyo apime malaria, kwa kuwa homa hizi mbili ni rahisi kuchanganywa, na akikosa pumzi au homa ikizidi siku mbili, aende hospitali bila kusubiri. Kabla ya kuchomelea, aisage zinki yote sentimita 5 kila upande wa kiungo, akiwa amevaa kinyago, na afanye kazi nje, upepo ukimpitia ubavuni. Kazi ikiisha, viungo hivyo avipake rangi yenye zinki nyingi, maana vimebaki uchi, na kutu ya ndege wake itaanzia hapo.