Maswali na Majibu: Tope la Mikokoni na Tabianchi ya Kale

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu watafiti wanaochimba tope katika mikoko ya mwambao wetu. Nimechagua sita, na ndefu nimezifupisha kidogo.

Watu walikuja kwenye mikoko yetu ya Rufiji, wakasubiri maji kupwa, wakasukuma bomba la chuma topeni, wakatoa tope, wakalifunga kwa plastiki na kuondoka nalo. Kijijini pamesemwa wanatafuta mafuta. Walikuwa wanatafuta nini? (Msomaji wa Kibiti)

Anayetafuta mafuta haji na bomba la kusukumwa kwa mikono ya watu wawili. Walilolitaka ni tope lenyewe. Kila maji yanapojaa huingiza mikokoni udongo laini ulioletwa na mto au bahari, na mizizi hupunguza kasi ya maji hata udongo huo ukapata nafasi ya kutua, pamoja na majani, vijiti na vumbi la maua. Kwa kuwa tope limeshiba maji na halipitishi hewa, vitu hivyo huoza polepole mno. Tabaka la leo hulala juu ya la jana, na la jana juu ya la juzi, mpaka mita kadhaa chini ambako mtu hukuta masalio ya msitu uliokuwapo kabla ya kijiji chochote kujengwa. Bomba mliloliona huwa na bawa ambalo likizungushwa hufunga tope ndani yake bila kuvuruga mpangilio wa matabaka, na plastiki huzuia lisikauke.

Maabarani tope hukatwa vipande vyembamba, kisha hutiwa dawa kali zinazoyeyusha udongo na kubakiza chembe za chavua, yaani lile vumbi la maua, kwani ganda la chavua ni gumu ajabu na hudumu hata pale ambapo ua, mti na aliyeupanda wamekwisha kusahaulika. Chini ya hadubini kila jamii ya mti ina umbo lake, na mtaalamu huhesabu mamia ya chembe katika kila kipande. Hapo ndipo ujuzi wa wakata boriti unapokutana na wa maabara. Ninyi mnajua kwamba mlilana husimama mbele kabisa ukitazama bahari, mkoko wenyewe, ambao kwingine huitwa mkaka, hupenda tope linalofikiwa na maji kila siku, mkandaa na mchu huvumilia sehemu za nyuma zenye chumvi kali, na msikundazi hutafuta mahali penye maji baridi ya mto. Basi ikiwa chini kuna chavua ya nyasi na miti ya nchi kavu, na juu yake mkoko ukatawala, mtafiti huelewa kwamba bahari ilisogea kuelekea bara. Mpangilio ukigeuka, yaani mkoko chini, kisha mchu, kisha nyasi, bahari ilirudi nyuma, au mto ulileta udongo mwingi hata ardhi ikainuka. Kuamua ni lipi kati ya hayo mawili ndiyo kazi ngumu zaidi, na hapo chavua peke yake haitoshi, hivyo huangaliwa pia magamba ya viumbe wadogo wa baharini na ukubwa wa chembe za mchanga.

Kuna mtego mmoja ambao wasomaji wa ripoti hizi wanapaswa kuujua. Chavua ya mkoko husafirishwa sana na upepo na huzalishwa kwa wingi, lakini mchu hutegemea nyuki na wadudu wengine, kwa hiyo humwaga chavua kidogo. Chembe chache za mchu katika tope zinaweza kuwa ushahidi wa msitu mzima wa mchu, na anayehesabu bila kuzingatia hilo atauona mkoko kila mahali.

Delta yenu ina takriban hekta 53,000 za mikoko, eneo kubwa kuliko jingine lolote la mikoko iliyoungana Afrika Mashariki, na utafiti wa namna hii umekwisha kufanyika humo na katika kisiwa cha Unguja, pamoja na Unguja Ukuu, kupitia Chuo Kikuu cha York cha Uingereza.

Umri wa tope hujulikanaje? Halina tarehe. (Msomaji wa Tanga)

Kila kiumbe hai huchukua kaboni kutoka hewani, na sehemu ndogo sana ya kaboni hiyo ni aina iitwayo kaboni 14, ambayo hupungua yenyewe baada ya kifo kwa mwendo usiobadilika: nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 5,730. Ukipima kilichobaki katika jani lililozikwa, unajua takriban lilikufa lini, mradi halizidi miaka 50,000 hivi. Njia hii ilimpatia Willard Libby wa Marekani Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1960. Kwa tope la miaka mia moja na ushei iliyopita hutumika aina ya madini ya risasi iitwayo risasi 210, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 22 hivi.

Ipo pia alama isiyohitaji mtambo. Mahindi yalitoka Amerika, kwa hiyo tabaka lenye chavua ya mahindi haliwezi kuwa la kabla ya karne ya 16.

Mimi ni mvuvi wa kaa. Kaa hufukua mikokoni usiku na mchana, wanatoa tope la chini na kulileta juu. Sasa hayo matabaka ya wataalamu yanabaki vipi kwa mpangilio? (Msomaji wa Gazi, Kwale)

Swali hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote, kwa sababu ndilo ambalo mtafiti mwenye uangalifu hujiuliza kwanza. Kaa huvuruga kweli, na sehemu ya juu ya tope mara nyingi haiaminiki kwa vipimo vya miaka michache michache. Mizizi nayo ina lawama zake: mzizi wa mti wa leo hushuka na kuingia katika tope la zamani, na ukipimwa kwa bahati mbaya utalifanya tabaka la kale lionekane changa. Konokono na kombe hukosea upande wa pili, kwa kuwa maji ya bahari hubeba kaboni iliyokaa muda mrefu, na gamba la kiumbe aliyekufa jana laweza kuonekana lina miaka mia kadhaa lisiposahihishwa.

Kwa hiyo hutafutwa mbegu au jani badala ya mzizi, hupimwa umri katika vina kadhaa badala ya kimoja, na huchimbwa mashimo zaidi ya moja. Umri ukipanda na kushuka ovyo kadiri unavyoenda chini, tope hilo huachwa. Ripoti inayojenga historia ya miaka elfu kadhaa juu ya vipimo viwili tu, mimi huisoma kwa mashaka.

Wanafunzi wangu wameniuliza kama ni kweli zamani mtu aliweza kutoka bara hadi Unguja kwa miguu. (Mwalimu, Kusini Unguja)

Ni kweli. Katika kilele cha enzi ya barafu ya mwisho, miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda juu ya nchi kavu za kaskazini, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa takriban mita 120. Mkondo unaotenganisha Unguja na bara una kina kidogo mno kuliko hicho, kwa hiyo palikuwa na nchi kavu. Wapeleke wanafunzi wako pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ambamo wanaakiolojia walifukua mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao leo hawapo kisiwani na ambao hakuna atakayeamini kwamba waliogelea kutoka bara. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda, kisiwa kikajitenga, na hatimaye wanyama hao wakubwa wakatoweka.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, na hata bahari iliposhuka kiasi kile ulibaki maji. Wapemba wanaopenda kujitenga na Waunguja wana hoja ya kijiolojia.

Mikoko ya wakati huo ilikuwa mbali kwenye ukingo ambao leo umezama. Bahari ilipopanda, msitu ulihama kizazi kwa kizazi, mbegu zikiota mbele ya maji na miti ya nyuma ikifa. Kwa hiyo tope la misitu tunayoiona sasa kwa kawaida ni la miaka elfu chache tu.

Je, masimulizi ya wazee kuhusu njaa, ukame na bahari kupanda yana nafasi yoyote katika sayansi hii? (Msomaji wa Lamu)

Yanayo. Mfano mzuri hautoki pwani bali ziwa Naivasha, ambako tope la chini ya ziwa lilitoa historia ya mvua na ukame ya miaka 1,100, iliyochapishwa mwaka 2000. Karne za 11 hadi 13 zilikuwa kavu kuliko za sasa. Baadaye zikaja karne zenye mvua zaidi, zilizokatizwa mara tatu na ukame, na vipindi hivyo vitatu viliafikiana na masimulizi ya njaa, vurugu na kuhama kwa watu yaliyohifadhiwa kwa mdomo katika Afrika Mashariki.

Kwa upande wa bahari, Pangani ina ushahidi wa kutisha. Watafiti wa Tanzania na wa nje, katika makala ya mwaka 2020, walieleza tabaka la mchanga lenye masalio ya baharini na mifupa ya watu iliyotapakaa bila dalili ya mazishi, katika makazi ya Waswahili wa kale, la miaka 1,000 hivi iliyopita. Wanalitafsiri kuwa la tsunami iliyovuka Bahari ya Hindi. Aliyeona mawimbi ya Desemba 26, 2004 yaliyoanzia Sumatra yakiua watu hadi Somalia na Tanzania hatashangaa.

Bahari inapanda leo. Kwa nini kutumia fedha kuchunguza ya miaka 8,000 iliyopita? Na sisi wenye tope tunapata nini? (Msomaji wa Kilwa)

Kwa sababu mikoko imekwisha kuvuka mtihani huu, na tope limeandika alama ilizopata. Mwaka 2020 watafiti waliokusanya kumbukumbu za matope kutoka sehemu 78 duniani walionyesha kwamba bahari ilipopanda kwa zaidi ya milimita 6 hivi kwa mwaka, kuna uwezekano mkubwa sana kwamba misitu ya mikoko ilishindwa kujijenga juu ya tope lake. Kati ya 2006 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa milimita 3.7 kwa mwaka, na mwendo unaongezeka. Bila matope hayo tusingejua mpaka uko wapi.

Tofauti ya wakati ule na sasa ni kwamba mikoko ilikuwa na mahali pa kurudi. Leo nyuma yake kuna majaruba ya mpunga, mashamba ya chumvi, barabara na kuta za hoteli. Tena delta huhitaji udongo wa mto ili iinuke pamoja na bahari, na bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022, lazima lizuie sehemu ya udongo wa Rufiji. Sipingi umeme, lakini kupima tope linalotua deltani kila mwaka kungepaswa kuwa kazi ya kudumu, si ya mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliyepata ufadhili.

Kuhusu mnachopata, mgeni anayefanya utafiti Tanzania Bara anatakiwa kuwa na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na mwenyekiti wa kijiji anaweza kuomba kukiona. Ombeni pia matokeo yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji, na siku hiyo waketisheni wazee mbele. Mzee anayekumbuka mchu ulisimama wapi alipokuwa kijana anaweza kusahihisha kipimo cha risasi 210, na mtafiti mwenye busara atakuwa amekuja na daftari.