Acha spreyi kwanza, wafuate wanakotoka

Jarida limeuliza wiki hii sisimizi wakivamia nyumba unawatoaje, na najua wengi watajibu spreyi, piga spreyi wafe yaishe. Haiishi. Wale unaowaona kwenye kaunta ni sehemu ndogo tu ya kundi, wametumwa chakula, malkia yuko zake ndani anataga, sa ukiua hao wanakuja wengine. Afu kuna vile vidogo vya rangi ya njano, sisimizi farao, hao ukiwapulizia ndo umeyatimba kabisa, maana kiota chao kina malkia wengi na wakisumbuliwa wanagawanyika, kila kikundi kinaenda kuanzisha makao yake, ulikuwa na kiota kimoja ukutani unajikuta navyo kadhaa.

Mi nakwambia tulia uwaangalie. Anatangulia mpelelezi mmoja anazurura ovyo ovyo, akikuta tone la juisi anakunywa anarudi huku anagusisha tumbo chini, hapo anaacha harufu, wenzie wanaifuata na kila aliyeshiba akirudi anaongeza yake, ndo maana asubuhi unaona mmoja mchana unakuta foleni. Pitisha kidole katikati ya ule mstari uone wanavyochanganyikiwa, wanafika pale wanasimama, wanapapasa na vile vipapasio huku na huku, mpaka mmoja avuke. Kwa hiyo kufagia peke yake hakutoshi, harufu inabaki, inatakiwa maji ya sabuni. Ila usifute mapema! Kwanza ufuate mstari mpaka ujue wanaingilia wapi, ni ufa wa dirisha, ni pembeni ya bomba au ni nyuma ya soketi.

Sasa dawa yenyewe ni chambo. Sisimizi aliyekomaa hamezi kitu kigumu, anakunywa vimiminika tu, akifika nyumbani anawatapikia wenzie mdomoni, na malkia naye analishwa hivyo hivyo. Basi mpe sumu aibebe mwenyewe. Chukua nusu lita ya maji, sukari gramu 50, asidi ya boriki (ule unga mweupe wa kuulia wadudu) gramu 5 tu, koroga iyeyuke, lowesha pamba uiweke kwenye kifuniko pembeni ya mstari wao, mbali na watoto na wanyama wa ndani. Watu wanaharibu hapa kwenye kipimo, wanajaza boriki wakidhani ndo itafanya kazi haraka, matokeo yake mbebaji anafia njiani hajamfikishia mtu. Siku ya kwanza watajaa kweli kweli, usishtuke na usipulize kitu, hao ndo wapagazi wako. Pamba ikikauka badilisha, na wakiipita sukari bila kuigusa ujue wanataka mafuta au protini, jaribu kuchanganya boriki kidogo na siagi ya karanga.

Wakishapungua ndo unafuta na sabuni na kuziba nyufa kwa silikoni. Na angalia maji pia, mvua kubwa ikijaza mashimo yao wanakimbilia kwako, kiangazi nacho wanafuata unyevu, sinki linalovuja ni mwaliko. Kata matawi yanayogusa ukuta, hilo ni daraja, na geuza majani uone kama yana vidukari, vile vidudu laini vinavyofyonza utomvu, kwa sababu sisimizi wanawafuga kabisa wale, wanawalinda na maadui ili wanywe ule utamu wanaotoa. Majivu na chaki sizipingi, wanasita kidogo afu wanazunguka.

Mwisho, kama shida yako ni mbao inaliwa na kuna vijia vya udongo ukutani, huyo sio sisimizi, ni mchwa. Sisimizi ana kiuno chembamba na vipapasio vyake vimekunjwa kama kiwiko, mchwa ni mnene moja kwa moja na vipapasio vimenyooka. Usijisumbue na pamba ya sukari hapo, tafuta fundi wa mchwa.