Re: Skripti inaenda kwa terminali lakini kwa kroni inalia ModuleNotFoundError

Sasa kaka, nimekuelewa: ripoti.py ukiendesha kwa mkono iko sawa, lakini kroni (ile programu ya kuendesha kazi kwa ratiba) ikiiita alfajiri inasema haioni moduli yako inayoitwa vifaa, na PYTHONPATH (orodha ya folda ambazo Python hutafutia moduli) ulishaiweka kwa .bashrc, faili ya mipangilio ya terminali.

Shida ni hapo kwa .bashrc, kroni haiisomi hiyo faili. Lakini kabla ugeuze chochote weka hizi juu kabisa ya skripti:

import sys
print(sys.executable)
print(sys.path)

(ya kwanza inaonyesha ni Python gani inatumika, ya pili folda inazotafutia moduli) halafu uache kroni iiendeshe, matokeo uyatupe kwa faili, ulinganishe na venye terminali inaonyesha. Mi nilimaliza Jumamosi nzima hapa Kayole nikiongeza folda, kumbe kroni ilikuwa inatumia Python ya mfumo na si ile ya venv (Python ya mradi peke yake, na maktaba zake), hata ningeongeza folda mia ingelia tu.

Kama ni hiyo, kwa crontab (faili ya ratiba za kroni) andika njia kamili ya Python ya venv, /home/wewe/mradi/venv/bin/python. Kama Python ni ile ile na ni folda tu haiko, ongeza PYTHONPATH=/home/wewe/mradi juu ya crontab, na usiweke $HOME hapo ndani maana kroni inaichukua vile ilivyo, haiifungui.

Binafsi hupenda faili ya .pth ndani ya site-packages ya venv (folda ya maktaba zake), mstari mmoja wa njia ya folda yako basi. sys.path.append, yaani kuongeza folda ndani ya skripti yenyewe, pia itakutoa, ila siku ukihamisha seva utakuwa umeisahau.

Ukishapata hizo printi mbili zibandike hapa tuone.