Asali, matobolwa na sukari ya asubuhi isiyoshuka

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 57, naishi Urambo mkoani Tabora, na nina kisukari cha aina ya pili. Natumia metformin miligramu 500 asubuhi na jioni. Sukari ya dukani nimeiacha kabisa. Kwenye chai natia asali yetu ya hapa, vijiko viwili vikubwa, nakula na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Usiku nakula ugali wa dona na mlenda saa tatu, kisha nalala. Lakini asubuhi kabla ya kula mashine inasoma 10.4, mara nyingine 11. Usiku kucha sijala kitu, sasa hiyo sukari inatoka wapi? Na asali si dawa?

JIBU: Shikamoo mama. Sukari ya alfajiri inatoka kwenye ini. Ini huweka akiba ya glukosi na kuiachia kidogo kidogo usiku ili ubongo usikose chakula. Kuanzia kama saa tisa usiku mwili hujiandaa kuamka, homoni kama kotisoli hupanda, na ini huachia zaidi. Kwa mtu asiye na kisukari, insulini hulizuia. Kwako ini limekuwa sugu, insulini ipo lakini hailidhibiti vya kutosha. Metformin hufanya kazi yake kubwa hapohapo kwenye ini, kwa hiyo dozi ya jioni usiiruke, na imeze pamoja na chakula ili tumbo lisisumbuke.

Ila usilitupie ini lawama zote kabla hujajua umelala na ngapi. Kwa siku tatu, pima baada ya saa mbili tangu tonge la kwanza la usiku, halafu pima asubuhi kabla ya kula, uandike. Ukilala na 13 ukaamka na 10.4, tatizo ni sahani ya usiku. Ukilala na 8 ukaamka na 11, tatizo ni ini, na hapo mazungumzo ni ya dozi, ambayo unaipeleka kliniki, huipandishi mwenyewe. Kwa watu wazima wengi tunalenga 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya saa mbili. Namba hizi zote ni za mmol/L. Mashine ikisoma kwa mamia, yaani mg/dL, gawanya kwa 18.

Kabla ya kuchoma kidole, nawa kwa sabuni na ukauke vizuri. Kidole kilichogusa asali au embe kinaweza kuipandisha namba kwa uongo, na ndiyo sababu moja ya kushtuka bure.

Sasa asali. Asali ya Tabora ni nzuri kweli, lakini takribani asilimia 80 yake ni sukari, yaani glukosi na fruktosi. Kijiko kikubwa kimoja, gramu 20 hivi, kinabeba sukari gramu 16 au 17, sawa na vijiko vinne vidogo vya sukari ya dukani. Wewe unatia viwili. Kutoka kwa nyuki au kutoka kiwandani, ikifika kwenye damu ni ileile. Mahali pekee ninapomwandikia mgonjwa asali ni pale sukari inaposhuka chini ya 4, anatetemeka na kutoka jasho: kijiko kikubwa kimoja, subiri dakika 15, pima tena. Kwa metformin peke yake hali hiyo ni nadra. Humpata zaidi anayetumia vidonge vya glibenclamide au insulini akachelewa kula.

Matobolwa ndiyo yanayowaponyoka wengi, maana hayana ladha ya kutisha. Gramu 100 za kiazi kitamu kibichi zina wanga gramu 20 hivi, kilichobaki ni maji zaidi. Ukikausha, maji yanaondoka, wanga unabaki palepale, na gramu 100 za matobolwa au michembe (viazi vilivyokaushwa vibichi) zinafika gramu 80 za wanga. Bakuli dogo la gramu 60 lina wanga karibu gramu 48. Jumlisha na asali yako gramu 33: umefungua siku kwa gramu 80, sawa na vijiko 20 vidogo vya sukari. Kwa mlo mmoja wengi huanzia gramu 45 hadi 60.

Huna haja ya kuyaacha. Chukua nusu ya bakuli hilo, na chai isiyo na asali. Weka pembeni yai la kuchemsha au konzi moja ya karanga za kuchemsha, kwa sababu protini na mafuta huchelewesha tumbo kumwaga wanga kwenye utumbo. Karanga usizidishe konzi hiyo, zina nguvu nyingi na uzito utapanda.

Kwenye ugali, dona ni bora kuliko sembe kwa sababu ya nyuzi, lakini tofauti yake kwenye sukari ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachoamua ni ukubwa wa tonge na idadi yake. Pima unga kabla haujaingia sufuriani: nusu kikombe cha mililita 250, kilichosawazishwa kwa kisu, ni gramu 60 za unga na wanga kama gramu 45. Hiyo ndiyo sehemu yako. Ukipikia nyumba nzima vikombe vinne, gawanya ugali mara nane, chukua moja. Mlenda nauunga mkono, utelezi wake ni nyuzi zinazopunguza kasi ya wanga, ila hauna protini ya kukushibisha, kwa hiyo ongeza dagaa wa Kigoma au maharage. Na usile saa tatu ukaenda kulala. Kula saa moja, kisha tembea dakika 15 hadi mtaa wa pili na kurudi. Misuli inayofanya kazi huvuta glukosi hata insulini ikiwa dhaifu, na hilo linaonekana kwenye mashine usiku huohuo.

Embe ni nusu tu, ya kula, siyo juisi.

Baada ya wiki mbili za kufanya haya, peleka daftari kliniki, iwe hospitali yako ya wilaya au hospitali ya mkoa ya Kitete, Tabora mjini. Kama asubuhi bado ni zaidi ya 7.2, daktari anaweza kupandisha metformin, maana miligramu 1,000 kwa siku si mwisho wa dozi, ila atataka kuangalia figo kwanza. Omba na kipimo cha damu cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, kwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Lakini ukiona zaidi ya 16 pamoja na kiu kali, kutapika au kupumua kwa kasi, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.