Mtoto Akiokoka, Wokovu Usigeuzwe Kiboko

Mwanangu wa kwanza aliokoka likizo ya Agosti akiwa na miaka 9. Alirudi kutoka programu ya watoto kanisani kwetu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, akavua viatu mlangoni, na kabla hata ya kunisalimia akasema, "Mama, leo nimemwambia Yesu aingie moyoni mwangu." Nilikuwa nakata sukuma. Niliacha kisu pale pale nikamkumbatia na mikono yangu ikidondosha maji. Nilikuwa nimeliombea jambo hilo tangu akiwa tumboni.

Wiki tatu baadaye nilimtuma maziwa dukani na noti ya shilingi 100. Chenji ikarudi pungufu ya shilingi 20. Akaniambia mwenye duka ndiye aliyekosea kuhesabu, na huku mdomoni ananukia kachumbari ya smokie, ile soseji ya kuuzwa mtaani. Nikamwambia maneno ambayo wazazi wengi wa Nairobi tunayo karibu na ulimi: "Na si wewe ndiye umeokoka? Huo ni wokovu gani?"

Hakujibu. Alikula nusu ya chakula chake akaenda kulala.

Jumapili iliyofuata, mwalimu wao wa shule ya Jumapili alipouliza ni nani angetaka kumpokea Yesu, mwanangu alisimama tena. Jumapili ya pili yake, akasimama tena. Mwalimu ndiye aliyeniita kando baada ya ibada akaniambia. Usiku huo nilikaa kwenye ukingo wa kitanda chake nikamuuliza kwa upole kwa nini anasimama kila mara. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo lililo wazi. "Kwani ile ya kwanza si iliisha? Iliisha ile siku ya maziwa."

Sitasahau sentensi hiyo. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, ndiye niliyemfundisha kwamba Mungu humfukuza mtoto akikosea. Tangu hapo ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi yeyote ambaye mtoto wake ameamua kumwamini Yesu ni huu: usimchape na imani yake. Akidanganya, mwadhibu kwa kudanganya. Akikosa heshima, mwonye kwa kukosa heshima. Lakini "na wewe umeokoka" iondoe kabisa nyumbani mwako. Mtoto aliyeokoka juzi bado ni mtoto. Ataficha daftari la hesabu, atampiga mdogo wake, atasinzia wakati wa maombi. Marko 4 inasema nchi huzaa kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke, nasi tunataka ngano pevu wiki ya tatu.

Usiku ule nilichukua Biblia nikamsomea 1 Yohana 2, mahali mtume anapoanza na "Watoto wangu wadogo, nawaandikia haya ili kwamba msitende dhambi." Kisha anaendelea, mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba. Nikamwonyesha kwamba barua hiyo iliandikiwa watu waliokuwa wameshaamini, na bado mwandishi alijua wanaweza kuanguka. Nikamuuliza, "Ukirudi nyumbani umejaa matope, mimi hufanya nini?" Akasema, "Unaniogesha." "Huwa nakuzaa upya?" Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Tukaomba, akaungama habari ya smokie kwa maneno yake mwenyewe, na hata bei akaitaja.

Kisha ikawa zamu yangu. Nikamwambia, "Nilikukosea niliposema maneno yale. Naomba unisamehe." Najua wengi wetu tulilelewa na wazazi ambao hawakutamka neno samahani kwa mtoto, wakiamini heshima itaporomoka. Kwangu heshima haikuporomoka. Naona mtoto huanza kuelewa toba siku anapomwona mtu mzima akitubu mbele yake, na mtu mzima huyo akiwa ni mama yake.

Baada ya hapo tulianza kusoma Injili ya Marko pamoja. Nilichagua Marko kwa sababu ni fupi, sura 16, na Yesu haketi kitako humo: anatembea, anaponya, anavuka ziwa. Tunasoma kisa kimoja tu kabla ya kulala, dakika kumi hivi. Tunatumia ile tafsiri ya zamani ya mwaka 1952, niliyokua nayo, na hapo nikagundua jambo. Tulipofika kwenye dhoruba, mwanangu alisoma, kidole chake kikifuata mstari, kwamba Yesu alikuwa katika shetri, "amelala juu ya mto." Akasimama. "Mama, alilalaje juu ya mto na asizame?" Alikuwa anawaza mto wa maji, kama Mto Nairobi. Na shetri hakuijua kabisa, na kwa kweli hata mimi ilibidi niulize kabla ya kumweleza kwamba ni sehemu ya nyuma ya chombo. Nilichukua mto wa kitandani mwake nikauweka sakafuni, nikamwambia alale kama Yesu, na mdogo wake awe dhoruba. Walipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta, lakini kisa hicho hakijamtoka hadi leo.

Kwa hiyo usidhani mtoto wa Nairobi anaelewa kila anachokariri. Anaweza kusema mstari mzima bila kukosea hata silabi na asijue "kuungama" ni nini. Mwambie akueleze kwa lugha anayozungumza na wenzake. Kama ni Sheng, basi ni Sheng. Kuna tafsiri nyepesi pia, kama Biblia Habari Njema, na ukiziweka mbili pamoja mezani mtoto hufurahia kuzilinganisha.

Kuhusu maombi sina mengi. Acha aombe mafupi. Tunaandika kwenye daftari kuukuu la shule mambo tunayoyaombea, na tukipata jibu tunapiga alama ya tiki. Mengine hayana tiki mpaka sasa. Nyanya yake bado anaumwa magoti, na mwanangu ameniuliza kwa nini. Nilimwambia sijui, lakini tunaendelea kuomba. Sikutaka kumpa jibu la haraka ambalo baadaye angekuja kulitupa, na imani aitupe pamoja nalo.

Kumbukumbu la Torati 6 inataka maneno ya Mungu yanenwe uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo. Sisi "njiani" yetu ni matatu iliyokwama Jogoo Road. Mazungumzo yetu mazito yamefanyika humo, yeye dirishani, mimi nimeshika mfuko wa vitunguu kutoka soko la Mutindwa. Humo ndimo aliniuliza kama rafiki yake Mwislamu ni mbaya, nikamwambia hapana, umpende na umheshimu, na siku moja umweleze kwa upole unachoamini, naye umsikilize. Humo pia konda alituzidishia chenji na macho ya mwanangu yakanigeukia. Nilirudisha zile shilingi 50. Hatukusema lolote.

Mtafutie pia mtu mzima mmoja au wawili kanisani wanaomjua kwa jina, wa kumuuliza yale asiyotaka kumuuliza mama. Lakini fungua macho. Mazungumzo yawe mahali watu wanaona, mlango wazi, na mtoto ajue kwamba hakuna siri anayoagizwa na mtu wa kanisa kumficha mzazi. Mtu akikasirika kwa sababu hiyo, mwache akasirike.

Ubatizo usiufanyie haraka wala usiucheleweshe kwa hofu. Makanisa yetu hayafanani: mengine hubatiza watoto wachanga kisha huwafundisha hadi kipaimara, wanapoithibitisha imani yao wenyewe; mengine husubiri mtoto akiri mwenyewe ndipo azamishwe majini. Zungumza na mchungaji wako, na mtoto awepo. Kilichonisaidia ni kumuuliza mwanangu, "Ukitoka majini utakuwa umesema nini?" Mara ya kwanza alisema hajui. Tukasubiri.

Na kwa mama anayelea peke yake, au ambaye mume haji kanisani: mkumbuke Timotheo, yule kijana aliyefanya kazi na mtume Paulo. Matendo 16 inasema mama yake alikuwa Myahudi aliyeamini na baba yake Myunani, na Paulo alipoandika habari za imani ya Timotheo alimtaja nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Nyumba yenye mwamini mmoja si nyumba iliyoshindwa.

Mwezi uliopita mwalimu aliuliza tena swali lile la Jumapili. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mdogo wake mgongoni, nikachungulia. Watoto watatu walisimama. Mwanangu alibaki ameketi. Aligeuka akanitafuta kwa macho, aliponiona akatabasamu, kisha akamsogezea kiti mmoja wa wale watatu.